Nyuma ya lile bamba la marumaru

Leo nimemfuta mtoto wa mtu kwa kitambaa chenye maji.

Mnajua kazi yangu ni kubeba vitu kwenye nyumba ya mnada, huku ughaibuni, Hockley. Asubuhi tulishusha bamba la marumaru la kale. Limechongwa mama anayekimbia nyuma ya gari la farasi linalompeleka binti yake kuzimu.

Bosi akasema nilisafishe mbele na nyuma.

Nyuma kulikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine. Nikadhani ni alama za mafundi. Nikasugua.

Saa nne akaja mwenye mali, mama Mhindi aliyekulia Kisumu. Kusikia naitwa Halima tu, akaingia kwenye Kiswahili.

"Mwanangu, nigeuzie nione nyuma. Sanamu zilimtisha binti yangu, nikazigeuzia ukutani. Huko nyuma nilimpima kimo kila mwaka, hadi alipofariki."

Nikageuza. Ningefanyaje?

Hakunigombeza. Aliweka kiganja kwenye jiwe tupu, chini kidogo ya kifua chake.

"Alifika hapa."

Limeuzwa. Nimelipakia mwenyewe.

Kitambaa ninacho hapa nyumbani, kimekauka, bado kina weusi wa penseli.

Jamani, nikifue?