Doris, Aliyetusemea Hospitali

Mtu akiniuliza habari za Doris namjibu vizuri tu. Nasema ni Mtanzania wa Tanga, msusi, anafanya kazi saluni moja mtaa wa Point hapa Durban, mkono wake mwepesi, rasta zake hazivuti kichwa. Basi. Yanayobaki huwa nayameza, maana nikianza sinyamazi. Lakini leo nayasema, na anayetaka kununa anune.

Mimi ni Joséphine, Mama Carmel, mtu wa Uvira, Kongo. Nauza vitenge na unga wa muhogo pale soko la Warwick tangu 2008. Nilifika Durban na Kiswahili, Kifaransa na Kifuliiru, na hakuna hata kimoja kilichonifaa mbele ya dirisha la hospitali. Sista anakuuliza kwa Kizulu, unamwangalia. Anauliza kwa Kiingereza, unatabasamu kama mjinga. Mwisho anapaza sauti, utadhani sisi ni viziwi! Mtoto anaumwa, wewe unaonyesha kwa kidole tumbo, kichwa, halafu tumbo tena. Unarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, hujui hata wameandika nini.

Kwa hiyo Doris alipotokea, kwetu ilikuwa neema. Alikuwa amesoma kwao mpaka kidato cha sita, Kiingereza kinamtoka bila kukwama, na Kizulu alikiokota kwa wateja wa saluni. Mwaka 2009 alimsindikiza mama mmoja wa jengo letu kwenda kujifungua, mambo yakaenda vizuri, sifa zikaenea. Kuanzia hapo kila mgonjwa wetu, awe Mkongo, Mtanzania au Mrundi, alipitia kwa Doris kabla ya kwenda kwa daktari. Alikuwa anaacha kichwa cha mtu kimesukwa nusu, anavua aproni, anakwenda. Hakudai chochote. Watu walimpelekea samaki, sombe, yaani kisamvu, hata kitenge siku ya sikukuu, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Ukimweleza maneno kumi, yeye anamwambia sista matatu. Siku moja nilimuuliza, "Doris, mbona mimi nimesema mengi na wewe umesema kidogo hivi?"

Akacheka. "Mama Carmel, hawa hawana muda wa hadithi. Wape kile wanachotaka kusikia, wakupe dawa, mwende zenu."

Nikacheka naye. Vraiment, kweli kabisa, nilimwona mjanja. Mtoto ana homa tangu jana, yeye anasema siku tatu, ili wasiturudishe. Mtu amekunywa mizizi ya pale sokoni, Doris haitaji kabisa, ili asigombezwe. Tulikuwa tunatoka haraka na kurudi kwenye kazi zetu. Nani angelalamika?

Mimi nina jambo moja mwilini mwangu: penisilini inaniua. Nilipokuwa msichana walinichoma kule Uvira, uso ukavimba, koo likafunga, baba akanibeba mgongoni akidhani amebeba maiti. Na ni Doris huyo huyo aliyenisaidia kuliandikisha jambo hilo hospitali. Wakabandika karatasi nyekundu juu ya faili langu. Tulipotoka akanishika mkono akasema, "Hii usiifanyie mchezo, Mama Carmel. Hii ndiyo roho yako." Maneno yake mwenyewe hayo.

Juni 2013 akaja Kidawa. Huyu walikulia mtaa mmoja na Doris kule Tanga, sasa anafanya biashara Dar es Salaam. Alikuja kwa basi, siku kadhaa barabarani, kununua mablanketi na vipodozi. Wasafiri wetu nao! Mtu amebeba mifuko mitatu mitupu ya kujaza bidhaa, lakini hata kidonge cha kichwa hana, sweta hana, bima ya safari hajawahi kuisikia. Alishuka na dera na kandambili katika baridi ile ya Juni. Wiki haikuisha, koo likamvimba, homa juu, hata mate hawezi kumeza. Pesa yote alikuwa ameshaitia kwenye mablanketi. Daktari wa binafsi mjini anataka malipo kwanza, na hospitali ya serikali nayo inamtoza mgeni wa matembezi bei kamili.

Doris akaja kwangu. Nilijua anachotaka kabla hajakaa.

Kwetu pale Point karatasi ya ukimbizi ilikuwa inatembea. Si jambo la kujivunia, lakini ndivyo ilivyokuwa: mgeni akizidiwa anatafutiwa mtu wa umri wake, anaazimwa karatasi na kadi ya hospitali, anatibiwa kwa jina hilo, jioni anarudisha. Picha zenyewe zimefifia kiasi kwamba hata mwenyewe hujijui. Ukikamatwa, karatasi inachukuliwa, na bila karatasi hakuna soko, hakuna shule ya watoto, unasubiri kurudishwa ulikokimbia. Nilikuwa na watoto wawili, Carmel na Cédric. Nilifikiri. Halafu nikamwangalia Kidawa anavyotetemeka ndani ya blanketi la kuuza, nikashindwa.

Nikampa, lakini kwa sharti. Nilimkalisha kitandani kwangu, Doris pembeni, nikamfundisha jina langu, tarehe ya kuzaliwa na habari ya penisilini. "Dada," nikamwambia, "ukisahau jina langu, Doris atakusaidia. Lakini hii usiisahau. Wakikuchoma ile sindano wewe hutakufa. Wataandika kwamba Joséphine amechomwa na yuko mzima, na siku yangu ikifika nitakufa mimi." Nilimwambia hivyo mara tatu. Doris akaitikia kwa kichwa kila mara, akasema, "Tumeelewa, Mama Carmel, acha tuwahi foleni."

Walirudi kabla ya saa saba mchana. Doris akanipa kadi na karatasi yangu, akasema, "Kila kitu sharp, safi kabisa." Baada ya siku tatu Kidawa alikuwa anakula chipsi. Akapanda basi lake, akaenda.

Novemba nikakanyaga msumari wa kreti pale sokoni. Nikaosha kwa maji ya chumvi, nikafunga kitambaa, nikaendelea kuuza, maana Krismasi ilikuwa inakaribia na mimi na ubishi tulizaliwa siku moja. Siku ya nne mguu ulikuwa mwekundu mpaka gotini. Nikaanguka mbele ya mteja. Wenzangu wa meza za jirani wakaniingiza kwenye taksi, wakanipeleka hospitali na mkoba wangu wenye kadi. Nilikuwa nasikia sauti kwa mbali, siwezi kujibu. Nakumbuka niliiona sindano. Nataka niwaambie nilichofikiri wakati ule: nilifikiri, usiogope Joséphine, faili lako lina karatasi nyekundu.

Kisha koo likafunga.

Sikufa, kama mnavyosikia. Walinivuta. Daktari alikuwa karibu, wakanipa dawa ya kuzima ile sumu, wakaniwekea oksijeni. Kesho yake sista mmoja mtu mzima akaja na faili mkononi, amekasirika kweli, na Kiingereza chake akakivunja vipande vidogo ili nielewe. Juni, akasema. Wewe. Ulikuja hapa. Ulisema ile karatasi nyekundu ilikosewa. Tukaitoa. Tukakuchoma, ukawa mzima. Sasa unatufanyia nini? Unataka kutufungisha?

Niliona mkono wa mtu kwenye ukurasa ule, tarehe, jina langu. Ningefanya nini? Niseme hakuwa mimi? Ndiyo, niseme, halafu waulize ni nani, na kwa nini alikuwa na karatasi yangu, na Carmel na Cédric wale nini! Nikasema, "Samahani, Sista." Nikaomba radhi kwa kudanganya juu ya mwili wangu mwenyewe. Akabandika karatasi nyekundu mpya, akaondoka anatikisa kichwa.

Doris alikuja siku hiyo hiyo na uji. Nilimweleza yote. Akaweka bakuli chini, akashika mdomo. Kisha akalipuka. "Kidawa! Kidawa amekufanyia hivi? Mshenzi yule, si ulimfundisha mara tatu? Namjua, anapenda sindano, akipewa vidonge anaona hajatibiwa. Nitampigia mimi mwenyewe!" Alilia. Alikuja siku tano mfululizo, akaniogesha, akanichana nywele, na kila siku alisema Kidawa hapokei simu, amebadilisha namba. Nilimwambia, "Doris, Mungu akulipe." Nilimwambia hivyo. Nikamlaani Kidawa miezi minne mizima, asubuhi na jioni, kwa jina.

Machi 2014 nikiwa mezani kwangu Warwick, nikasikia, "Dada Joséphine!" Nageuka, namwona Kidawa. Ameleta kanga mbili ndani ya mfuko, anacheka, mikono wazi anataka kunikumbatia.

Nilimsukuma. Sijawahi kumsukuma mtu mzima, siku hiyo nilimsukuma. "Una uso gani wa kuja hapa? Uliniua! Niliwaambia mara tatu!" Nikamtolea yote, sindano, koo, samahani niliyoiomba. Wateja wakasimama kuangalia.

Kidawa akabaki ameduwaa. Hakukasirika. "Mimi?" akasema. "Dada, mimi nilisema. Wallahi nilisema. Nilimwambia Doris, mwambie sista kwamba mwenye kadi hii hachomwi penisilini, wanipe kitu kingine. Mimi Kiingereza sijui, dada. Wakaongea wao wawili kidogo. Doris akaniambia, tulia, nimeyamaliza. Nikachomwa. Mimi nilijua ni hiyo nyingine!"

"Na simu? Mbona ulikimbia simu?"

"Simu gani? Namba yangu ni ile ile." Akaitoa simu, akanionyesha. Namba ni ile ile.

Nilimwachia jirani meza, nikaenda Point kwa miguu. Njia nzima nilikuwa naomba Kidawa awe mwongo. Doris alikuwa anasuka. Aliponiona mlangoni, na Kidawa nyuma yangu, mikono ikamsimama kichwani kwa mteja.

"Ulisema nini kwa sista?" nikamuuliza.

Hakujifanya hajui. Hilo namkubalia. Akamwomba mteja radhi, akanivuta pembeni. "Dawa ile nyingine ilikuwa imekwisha, Mama Carmel. Walitaka kutupa barua twende hospitali nyingine, tuanze foleni upya. Nilikuwa na bibi harusi wa kusuka saa nane."

"Kwa hiyo?"

"Nikasema ilikosewa."

"Ukajua wataitoa karatasi?"

"Nilifikiri nitarudi siku moja kuwaambia wairudishe. Nikasahau. Haki ya Mungu, nilisahau. Na ulipolazwa, nilitaka kukuambia, nikaona ungenichukia."

Bibi harusi! Mimi baba alinibeba mgongoni, nikavuka vita, nikavuka nchi nne na watoto, nije kuuzwa kwa kichwa cha bibi harusi. Kosa la foleni ningelisamehe, binadamu anachoka. Lakini uji ule! Siku tano anaingiza kijiko mdomoni mwangu na kumtukana Kidawa, machozi yanamtoka, na mimi namwombea baraka. Nilimwambia mbele ya saluni nzima, "Wewe hukunisahau. Ulinihesabu, ukaona mimi ndiye rahisi." Kidawa ndiye aliyekuwa analia.

Toka siku ile sijaongea naye. Kiingereza nimejifunza, kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Naenda hospitali peke yangu, nakosea maneno, sista anacheka, lakini ninachosema ni changu.

Agosti nilikuwa kwenye benchi la hospitali ile ile nasubiri kipimo cha presha. Mbele yangu wakakaa Doris na mzee Barthélemy, fundi viatu wetu wa Point, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Sista akaja na fomu yake. Mzee akaeleza kwa Kiswahili, polepole: anakohoa wiki tano, jasho linamlowesha shuka, na juzi ameona damu kwenye kitambaa.

Doris akamgeukia sista. Kwa Kiingereza akasema ana mafua tangu siku tatu.

Nilielewa kwa nini. Ukisema wiki tano na damu, unapelekwa foleni ya kifua kikuu, makohozi, picha, unarudi kesho na kesho kutwa. Nikasimama. Nikamwambia sista kwa Kiingereza changu kibovu, hapana, wiki tano, na damu. Sista akamwangalia Doris. Doris hakuniangalia mimi. Akatabasamu, akasema neno la Kizulu nisilolijua, akagusa kichwa chake kidogo kwa kidole. Sista naye akatabasamu.

Nikamwinamia mzee. "Papa, wewe umesema wiki tano. Yeye amesema siku tatu. Hajasema damu. Mwambie sista mwenyewe, mwonyeshe kitambaa!"

Mzee Barthélemy akaniangalia kwa aibu, aibu kwa ajili yangu.

"Mama Carmel," akasema, "habari ya ugomvi wenu tuliisikia. Muache Doris aseme. Yeye ndiye anajua kuongea na hawa. Bila Doris, sisi hapa iko nani wa kutusemea?"

Akakohoa ndani ya kitambaa, akakikunja, akakirudisha mfukoni. Baada ya robo saa walitoka na chupa ya dawa ya kikohozi, na mzee alikuwa anamshukuru njia nzima mpaka mlangoni.