Mauwa na Karanga za Nyuma ya Darasa

Siku yangu ya kwanza pale materneli, shule ya watoto wadogo kabisa, nilifika nimefunga kikwembe kipya kiunoni, tayari kuimbisha watoto. Mama Direktris, mukubwa wetu, akanionyesha kiti kidogo pembeni.

"Kaa hapo. Usiwafundishe kitu. Tazama."

Bwana yangu, muntu wa reli, Mungu amurehemu, aliposikia jioni alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe kuna kazi ya kukaa?"

Ndiyo, ile njo ilikuwa kazi. Tulitazama watoto wanacheza nini, na Ijumaa tulipanga masomo kutokana na ile michezo. Wakicheza soko, tunaleta mizani. Wakicheza bandari, tunaleta kamba na masanduku.

Kisha vita ilileta watu kutoka Nyunzu, na kati yao Mauwa, mutoto wa miaka minne, pamoja na shangazi yake. Mauwa hakusema neno.

"Akibaki hivi, namutoa," shangazi akasema. "Afazali akae na mimi sokoni."

Ijumaa nikamwambia mukubwa, "Mama, Mauwa ana huzuni."

"Huzuni sijakuuliza. Mikono yake ilifanya nini?"

Nikafikiri. "Anatoboa muchanga kwa kidole, anatia kijiwe, anafunika kwa kisigino."

Mama akasugua kisigino chake sakafuni. "Huyu analima."

Jumatatu tukachimbua kipande nyuma ya darasa, tukaleta karanga. Hesabu ikawa ya mbegu, wimbo ukawa wa mvua. Papa mumoja wa bandarini akaja amekasirika.

"Nalipa minerval ya shule mutoto awe mukulima?"

"Papa, sombe ya mihogo unayokula inatoka wapi?" Mama Direktris akamuuliza.

Wakati wanabishana, mutoto wa yule papa alikuwa anasukuma karanga chini kabisa, kama anazika kuku. Mauwa akamushika mukono.

"Si hivyo. Juu juu."

Jioni shangazi alimukuta Mauwa bado anamugombeza yule mutoto. Akakaa chini kwenye vumbi, akasikiliza. Mambo ya soko hakuyataja tena.

Lakini Nyunzu ilipotulia wakarudi, karanga zingali changa. Mauwa hakuniaga.

Sasa nimestaafu, niko peke yangu. Napika chakula cha muntu mumoja na bado kingine kinalala mpaka kesho. Vijana wananipita njiani, wengine nilijua mikono yao kuliko mama zao. Hawanijui. Kazi yetu ilikuwa kukaa pembeni tusionekane, na niliifanya vizuri. Mauwa naye amekua. Akinipita leo, atanisalimia kama mama muzee yeyote, na ataendelea na njia yake.