Aliyeliaga Somo kwa Adabu

Ilikuwa mwaka ule wa mafuriko. Hapana, nisiwadanganye. Mwaka wa mafuriko makochi ya mtaa mzima yaliloa, na mimi na mke wangu tulikuwa wazima wote wawili, tunayaanika juani. Hii ni ya mwaka uliofuata, mke wangu alipokuwa amekwisha kupata kiharusi na upande wake wa kushoto umekataa kazi. Nauweka sawa mapema, maana shukrani zangu zote zimo ndani ya mwaka huo.

Mjukuu wetu alikuwa ameanza chuo cha uuguzi. Tulimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Tulimlea sisi, kwenye karakana yangu ya kushona makochi, katikati ya sponji na misumari. Na karakanani kwetu kuna utaratibu aliouona tangu anatambaa: anayejifunza kazi akitaka kuondoka, haondoki hivihivi. Anafua aproni yake, anaikunja, anamrudishia fundi pamoja na nyundo, anasema asante. Fundi akipokea, basi, mmeachana salama. Hakuna karatasi. Mke wangu ndiye aliyekuwa mkali wa jambo hilo. Aliyeondoka bila kuaga alimwita mwizi wa salamu.

Sasa kemia ikamshinda Chiriku. Akasikia wenzake wanasema kwamba mtu aliyelemewa anaweza kuacha somo moja akalisoma mwaka wa pili. Akaona vema. Akalifua lile koti jeupe la maabara alilopewa na mwalimu, akalipiga pasi, akampelekea, akamshukuru kwa yote aliyomfundisha. Mwalimu akalipokea, akamtakia kila la heri. Chiriku akatoka pale moyo mweupe, na darasani hakurudi tena.

Kumbe chuoni somo haliachwi kwa mdomo. Linaachwa ofisini, kwa maandishi, na kwa tarehe yake. Matokeo yalipotoka, kwenye kemia pana sifuri. Sifuri ile ikavuta mengine kama uzi wa fulana uliofumuka: wastani ukaanguka, kitanda chake cha hosteli akapewa mwingine, na akaambiwa airudie kemia mwaka mzima. Akishindwa tena, chuo ndiyo basi.

Nilikwenda naye kwa karani wa masomo, nimevaa viatu vyangu vya harusini, nikaeleza habari ya koti toka mwanzo. Karani alikuwa mama mpole, hakunikatiza hata mara moja. Mwishowe akasema, "Mzee wangu, nakuamini kabisa. Lakini kompyuta haijui habari za koti." Sikumkasirikia. Kweli, itajuaje?

Tukarudi nyumbani, mimi nimejitwika godoro lake.  Chiriku alipoingia chumbani akapiga magoti kando ya kitanda cha bibi yake, akalia. Mke wangu wakati huo alikuwa anaburuta maneno kidogo. Akamwacha alie mpaka aishiwe, kisha akamwambia, "Mke mwenza, kosa lako umeaga vizuri mno. Haya, nigeuze, ubavu unaniuma."

Chiriku akamgeuza. Na toka siku hiyo kazi ile ikawa yake, maana mimi nilikuwa namgeuza mke wangu kama ninavyogeuza kochi, naanza na miguu. Alikwisha kutoka vidonda mgongoni, nami nilikuwa sijui hata vimeanzaje. Chiriku alivisafisha kila siku mpaka vikakauka. Asubuhi anakwenda kwenye vipindi, mchana anarudi, ananishikia kitambaa nikate, halafu anakaa na bibi yake na kitabu cha kemia.

Alikuwa anamsomea kwa sauti. Mke wangu hakuijua kemia, lakini sauti ya mtoto aliyemlea aliijua. Chiriku akifika pasipoeleweka alikuwa anaongeza mwendo ili apavuke, na hapo hapo bibi yake anainua kidole cha ule mkono mzima.

"Rudi. Hapo umepita mbio."

"Kwani wewe bibi umeelewa?"

"Nielewe ya nini, mtihani nafanya mimi?"

Anarudi. Anasoma taratibu, anajieleza kwa maneno ya nyumbani, mpaka kidole kinashuka. Mimi niko upande wa pili wa ukuta nagonga misumari, nacheka peke yangu. Nyumba ile ilikuwa imenyamaza tangu kiharusi kiingie, na kunyamaza kwake kulikuwa kunanitisha kuliko ugonjwa.

Alifaulu. Si kwa kishindo, alifaulu kwa tabu, lakini alifaulu. Alikuja mbio kumwambia bibi yake. Mke wangu akainua kidole. Chiriku akayarudia matokeo. Kidole kikabaki juu. Akayarudia tena na tena mpaka tukaona yule mgonjwa anacheka.

Hakukaa sana baada ya hapo. Wanawake waliomwosha waliniambia mgongo wake ulikuwa safi, hauna hata alama. Neno hilo naamka nalo mpaka leo.

Chiriku alimaliza chuo nyuma ya wenzake, na sasa ni muuguzi wa wodi. Watu wakimsikitikia ule mwaka wake uliopotea, mimi najua ulikokwenda. Siku alipomaliza kemia alilirudisha koti tena, limepigwa pasi, ila safari hii alisimama pale pale mpaka mhuri ugongwe.

Yule mwalimu wa kwanza alikuwa amekwisha kuhamia chuo kingine. Nilimwuliza karani yule mwalimu alidhani nini alipolipokea koti, akatabasamu tu. Nikamwuliza Chiriku, akainua mabega. Mke wangu naye, alipokuwa hai, nilimwuliza akajifanya amelala. Basi nauliza bado: mwanafunzi akikuletea koti limefuliwa, limekunjwa, masomo yangali katikati, na anakushukuru machozi yakimlengalenga, unadhani anakwenda wapi?