Kigae Nilichokikalia

Juzi, sokoni Rodi Kopany, nilisimama karibu na mama anayeuza vyungu. Harufu ya udongo ikanikumbusha shangazi yangu mfinyanzi, ambaye sote tulimwita Waya.

Wakati mmoja, nilipokuwa mtoto, mikono yake ilikuwa imekataa kazi kwa siku kadhaa. Kila chungu alikiacha kabla hakijafika shingoni. Alasiri moja alichukua chungu chake kizuri kuliko vyote, kilichopata ufa motoni, akakivunja, akaanza kusaga vigae juu ya jiwe. Nilidhani anakiadhibu. Nikachukua kigae kimoja chenye nakshi, nikakikalia.

"Kile chenye urembo kiko wapi?" akauliza.

"Nimekificha, Waya. Una hasira."

"Hasira gani? Lete hapa. Udongo mpya ukiwa peke yake hupasuka motoni. Lazima niuchanganye na hiki kilichonishinda."

Nikampa huku nikilia. Kufikia jioni chungu kipya kilikuwa na shingo.

Siku hizi mimi huandika vitabu, na kwa miezi mingi sikuwa nimeandika kitu. Nilipotoka sokoni nilitoa kabatini hadithi iliyonishinda zamani, nikaikatakata niichanganye na mpya. Nilianza na ile sentensi niliyoipenda kuliko zote.