Tuta la Munira

Mkuu wa nidhamu wa shule yetu hapa Baraka huvaa koti na tai hata bustanini, na filimbi haimtoki shingoni. Mboga anaziongoza kama wanafunzi. Kabichi iliyolegea kwa jua huipulizia filimbi: "We, simama muzuri!" Mbuzi wa jirani akiingia, humshika pembe na kumtoa hadi langoni. "Usirudie hapa bila muzazi wako!"

Kila asubuhi huita matuta kwa majina ya watoto walioyalima, na kila mtoto hujibu "Prezan!", yaani yupo, akiwa amesimama kwenye lake. Tuta lisilojibiwa hung'olewa mboga siku hiyo hiyo, kisha hupewa mtoto mwingine.

Juzi asubuhi nilikwenda bustanini kuchukua jembe la binti yangu Munira, ambaye Mwenyezi Mungu alimchukua kwa malaria. Nilimkuta mkuu mbele ya lengalenga za Munira, mchicha alioupanda mwenyewe.

"Munira!"

Watoto wakatazamana. "Mwalimu," Fanny wa tuta la pili akasema polepole, "Munira alishakufa."

"Nimekuuliza weye? Funga kinywa!"

Akaita tena, sauti ikikwaruza, macho kwenye viatu vyake. Akangoja. Akaita tena. Mikono yake, ambayo huwa haichelewi kung'oa, ilikuwa imeshika tai.

"Prezan," nikasema.

Hakugeuka. Aliifuta filimbi kwa ncha ya tai, muda mrefu.

"Umechelewa," akaniambia. "Piga magoti, upalilie."

Nikasema Bismillahi, nikapiga magoti.