Nilivyorusha ndege ya kompyuta Mwanza mpaka Bukoba, mkwe wangu akiwa nyuma ya pazia

Wakuu, habari za humu. Shikamoo zenu nimeshazipokea kabla hamjazitoa, marahaba. Tusipoteze muda.

Mimi ni bibi wa Kisesa. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo wanaopenda kusahihisha maandishi ya watu wakae na kalamu zao. Ninachoeleza kimetokea sebuleni kwa binti yangu, Ilemela, na wote waliokuwepo wako hai. Waulizwe.

Iko hivi.

Binti yangu Wande alijifungua mtoto wa kwanza, wa kike. Nikafunga nyumba Kisesa nikaja kumuuguza: uji, maji ya moto, nepi.

Mume wake anaitwa Deo, Mhaya wa Kemondo. Kijana ana adabu, hilo simnyimi. Ila ana ugonjwa mmoja, ndege za kompyuta. Pale sebuleni kuna skrini kubwa kama dirisha, usukani wa kushika kwa mikono miwili, na pedali chini kama za cherehani.

Sasa kuna jambo lazima mlijue mapema.

Sisi Wasukuma tuliolelewa zamani, mama mkwe na mkwe wa kiume hawakai wakapiga soga. Hamkai chumba kimoja, hamtazamani usoni, na mkiwa na neno linapitia kwa mtu wa katikati. Ni heshima. Vijana wameacha, mimi sijaacha. Tangu Deo amuoe Wande hatujawahi kusemezana ana kwa ana. Akirudi kazini, mimi naingia chumbani.

Mchana akiwa hayupo, kompyuta inabaki.

Siku ya kwanza Wande alinifungulia nione Kisesa kutoka juu. Nikaiona barabara ya Magu. Nyumba yangu haipo. Kwenye shamba langu la mpunga wamepanda miti kama ya Krismasi, na katikati kuna nyumba ya ghorofa ina bomba la moshi. Nikamwambia Wande amuulize mumewe ni nani aliyegawa kiwanja changu.

Jibu lilikuja kesho yake kwenye karatasi, limewekwa chini ya kibodi. Kwamba programu ikifika mahali isipopajua inajijazia majumba na miti yenyewe, lakini barabara, milima na ziwa ni vya kweli. Halafu chini ameandika: kama mama anataka kuruka, apange kwanza njia kwenye ile software ya ramani.

Ndivyo nilivyosomea urubani, wakuu. Kwa barua. Asubuhi naikuta karatasi, mchana naruka, jioni Wande anapeleka maswali yangu.

Kwa wasioijua hiyo software: unabonyeza ulipo, unabonyeza unapokwenda, na katikati unaweka vituo vyako mwenyewe, labda mlima, kisiwa, au barabara inapogawanyika. Inakupa jedwali. Elekea nyuzi kadhaa, maili kadhaa, dakika kadhaa. Ukishapaa unatazama nje. Dakika zikiisha, je, kisiwa kipo? Kipo, endelea. Hakipo, umepotea, kubali mapema. Deo kwenye barua zake anaita VFR. Mimi naita kwenda huku unaona.

Namba za jedwali hazikunisumbua. Nimesimamia mizani ya pamba miaka mingi, namba hainitishi.

Ila palikuwa na kisanduku kimoja kitupu, cha upepo. Nikauliza, hiki mbona hakina kitu? Jibu: wengi wanakiacha hivyo hivyo, na wengi wanapotea. Nikashangaa. Mimi niliyepepeta mpunga tangu utotoni, nisiulize upepo unatoka wapi?

Basi mtoto akafika wiki ya tatu, na babu yake akaja kumwona.

Mzee Respicius, baba yake Deo. Mwalimu mkuu mstaafu. Anaongea Kiingereza hata na kuku. Watu wa Bukoba msinijie juu, mnawajua wazee wenu.

Na hapa ndipo ugomvi ulipoanzia. Mtoto alikuwa hana jina. Kwenye kadi ya kliniki aliandikwa "Mtoto wa Wande" kwa sababu wazee hatujakubaliana. Mzee alitaka aitwe Kokugonza, jina la mama yake, ambalo wajukuu zake watatu wanalo tayari. Mimi nilitaka Minza. Minza ni mama yangu. Alizaa watano, akazika wanne, nikabaki mimi. Katika ukoo wetu hakuna hata mmoja anayeitwa kwa jina lake. Mimi nikifa, nalo limekwisha.

Tulilizungumza siku mbili, na uji ukawa unapoa.

Siku ya tatu Mzee akaona karatasi zangu za safari mezani. Akavaa miwani, akasoma, akacheka. "Mkwe, hii ni navigation. Siyo kupalilia."

Nikamwambia na kupalilia kunataka mstari.

Kumbe naye huwa anarusha kila akija kwa mwanawe. Akasema sawa, Jumamosi turuke kila mtu kwa zamu, Mwanza mpaka Bukoba, kwa macho. Ule mstari wa rangi wa kuonyesha njia uzimwe, mtu abaki na karatasi yake. Hali ya hewa iwe ya siku hiyo. Asisaidiwe mtu. Atakayetua Bukoba ndiye atoe jina.

Wande akasema kutoka chumbani kwamba mtoto wake siyo kombe.

Jumamosi ikafika. Deo ndiye mwamuzi, lakini mimi nikiwa sebuleni yeye hawezi kukaa humo. Akasimama koridoni, nyuma ya pazia la mlango, jicho moja limetokeza.

Mzee akaanza. Yeye alipanga mstari mmoja tu, kutoka Mwanza moja kwa moja mpaka Bukoba, katikati ya ziwa. Nikamuuliza huko katikati ataona nini. Akasema ataona saa yake. Kisanduku cha upepo alikiacha kitupu.

Na siku hiyo upepo ulikuwa unatoka kusini magharibi, unamsukuma kulia polepole, naye ametulia kwenye nyuzi zake anapiga mluzi.

Dakika zake zikaisha. Maji. Akaongeza tano. Maji. Akaongeza kumi, akasema Bukoba iko mbele kidogo. Ikatokea nchi kavu, mapori na vinamasi, uwanja haupo, na yeye anazunguka anatafuta kanisa kuu la Bukoba. Mafuta yakaisha, akatua majanini.

Wande alipofungua ramani, Mzee alikuwa Uganda.

Akasema ramani ina makosa.

Zamu yangu. Mimi upepo niliujaza kwenye kisanduku chake, nikapita kandokando, kisiwa kwa kisiwa. Kome, Maisome, Rubondo, halafu nikakunja kaskazini kufuata ufukwe. Vituo kumi na nne. Mzee alinicheka kwamba nasimama kila mahali kama basi la mnadani. Lakini kila dakika zikiisha, kisiwa kiko pale kinanisubiri.

Kabla ya Kemondo nikaingia ziwani, nikazunguka, nikarudi. Mzee akauliza napotea? Nikaendelea kuhesabu dakika, nilikuwa na kazi.

Nikauona uwanja wa Bukoba, pale pale ukingoni mwa maji. Mdogo, wakuu. Mimi nilizoea kutua Mwanza, uwanja mrefu. Huu ulikuwa kama kitenge kimeanikwa.

Nyuma ya pazia nikasikia: "Wande, muulize mama kama ameuona uwanja."

"Mama, umeuona uwanja?"

"Mwambie nimeuona tangu zamani."

"Anasema ameuona."

Mimi naogopa kuupita, basi navuta usukani, napunguza moto wa injini, navuta.

"Wande, mwambie mama kasi inaisha."

Wande alikuwa amembeba mtoto begani, na mtoto kamtapikia. Akageuka kutafuta kitambaa. Ujumbe ukafia hapo. Ndege ikaanza kutetemeka, pua imetazama mbinguni, na chini yangu ni maji matupu.

"Mama! Shusha pua, ongeza moto!"

Nilishusha pua, nikaongeza moto, kabla sijajua ni nani aliyesema. Ndege ikainuka kidogo, ikapita juu ya mawe ya ufukweni, ikagonga uwanja, ikaruka, ikagonga tena, ikaenda kusimama karibu na ukuta.

Nimetua Bukoba.

Nikageuka. Pazia lilikuwa wazi na Deo yuko ndani ya chumba, mikono kichwani, ananitazama usoni. Na mimi namtazama. Miaka minne ya heshima imekwenda na maji.

Akatoka nje mbio. Akaenda kukaa nyuma ya tenki la maji.

Mzee akasema, "Amesaidiwa."

Nikasema, "Ni kweli. Nimesaidiwa."

Roho iliniuma, lakini tulipatana asisaidiwe mtu, na mimi nilisaidiwa. Nikavua miwani. Nikajiambia, Minza ndiyo basi.

Mzee akaichukua karatasi yangu kutafuta makosa mengine. Ualimu hauishi mwilini. Akafuata vituo kwa kidole, akafika cha kumi na mbili. "Na hapa? Ufukwe umenyooka, wewe umeingia ziwani maili sita. Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Hapo ni kwako."

"Kwangu?"

"Nyumba yako, Kemondo. Deo ameiweka alama kwenye ramani. Mimi siwezi kukatiza juu ya paa la wakwe zangu bila kupiga hodi. Na kule juu nitapigaje hodi?"

Mzee akaitazama ile karatasi muda mrefu kuliko alivyoitazama saa yake kule ziwani.

Akaikunja. Akaniambia kwa Kiswahili kitupu, "Mtoto aitwe Minza."

Halafu, kwa kuwa ni Mzee Respicius, akasema jina la ubatizo atatoa yeye. Akalitoa. Refu, la Kilatini, halikuenea kwenye mstari wa kadi, nesi ameligawa mara mbili. Mimi namwita Minza, na anageuka.

Ile karatasi aliondoka nayo. Sikuidai.

Deo naye alinitumia kitenge na jogoo kupitia Wande, kuomba radhi kwa kunikemea. Nimepokea. Jogoo tumemla.

Funzo nililopata, wadogo zangu mnaorusha kwa macho: software haijui kitu usichoiambia. Usipoiambia upepo, haitakuuliza, itakuacha uende Uganda na tabasamu. Na katikati ya ziwa hakuna cha kuona, weka vituo kwenye visiwa hata kama safari inarefuka.

La pili, mkiwa na mtu wa katikati, hakikisha hajabeba mtoto.

Nimesharudi Kisesa. Nikienda Ilemela siku hizi Deo anakaa kiti cha pembeni, tunaruka pamoja, anasema na mimi moja kwa moja na mimi namjibu. Ila ndege ikishatua na injini ikazimwa, narudi chumbani, na akitaka chumvi amtume Wande.

Haya, na nyie semeni. Mnaorusha juu ya ziwa mnaweka alama gani? Na wenye wakwe mnafanyaje? Mwenye matusi apite kimya, nasoma kila kitu.