Uholanzi ya Nyuma ya Migomba

Baba mkubwa alirudi nyumbani Machame na kofia ya ukili, koti la kijivu lililomzidi mabega, na habari kwamba mtu akistaafu huchagua nchi.

Alikuwa amempikia Mzungu mmoja wa shamba la kahawa tangu mimi sijazaliwa. Serikali ilipolichukua lile shamba, Mzungu na mkewe walikaa mezani majuma mawili wakipekua vitabu vya picha na kubishana waende kuzeekea wapi. Kwao Uingereza hawakutaka, baridi. Mwishowe wakachagua Ureno. Baba mkubwa, aliyekuwa akisimama nyuma yao na birika la chai, alielewa kwamba hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya kazi. Unafanya kazi, unapewa koti, unachagua nchi.

"Na wewe utachagua ipi?" nilimwuliza, nikidhani ni mzaha.

"Sijafika huko. Kuchagua nchi si kuchagua kuku."

Mimi ndiye dada mkubwa wa wadogo zangu watatu, wasichana wawili na mvulana. Mama alitangulia kufa, baba akafuata kabla ya mwaka kwisha, nami nikaacha shule darasa la tano. Tulibaki katika kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, kwa sababu baba mkubwa alisema tubaki. Mkewe alikwisha kufa, na binti zake walikuwa wameolewa. Tulikaa pale kwa neno lake tu. Akiondoka, na neno linaondoka.

Kila jioni baada ya ng'ombe kukamuliwa alizipima nchi. Australia ilianguka siku ya kwanza.

"Kondoo wamejaa nchi nzima. Nani atawakatia majani?"

Ng'ombe wetu anakaa ndani, na majani yake tunayafuata chini tambarare na kuyapandisha mlima kichwani. Mnyama asiyekatiwa majani baba mkubwa hakuweza kumwaza. India aliiulizia kwa mwenye duka mmoja mjini Moshi, nikiwa naye. "Mzee," yule akamwambia, "mimi nimezaliwa hapa hapa, nyuma ya duka hili. Ukifika India nisalimie." Uingereza aliikataa kwa heshima. Kama wenyewe wameikimbia, mgeni ataifanyia nini?

Ndipo mwalimu mmoja wa misheni akamwonyesha kitabu chenye picha za Uholanzi. Ng'ombe wanene wa mabaka meusi na meupe, na kila upande mifereji iliyonyooka. Baba mkubwa alirudi karibu akikimbia.

"Mwanangu, nchi nzima ni mifongo!"

Mfongo ndio mfereji wetu, unaoleta maji ya mlima kwenye vihamba kwa zamu.

"Mifongo, na hakuna hata mmoja ulioziba!"

"Na mlima je?"

"Hakuna mlima. Pote ni sawa kama meza."

"Sasa asubuhi ukitoka nje utatazama wapi?"

"Nitazoea," akasema, lakini hakumaliza bakuli lake la mtori.

Ningecheka mpaka leo kama asingekuja binamu yake, mfanyabiashara wa soko la Kwa Sadala. Huyo hakucheka hata kidogo. Aliisifu Uholanzi kana kwamba alizaliwa huko.

"Nenda kaka, ukapumzike. Kihamba nitakiangalia mimi. Watoto tutawagawa vizuri tu, wasichana kwa mashangazi, mvulana kwangu. Na huyu mkubwa," akaninyooshea kidole, "ana mikono, atapata kazi kwenye miwa."

Wakati anasema hayo alikuwa akibonyeza ndizi zetu, mkungu mmoja baada ya mwingine, kuona upi umekomaa.

Kwa bahati baba mkubwa hakuwa mtu wa pupa. Mzungu wake alikwenda Ureno kwa likizo ndefu kwanza, kuijaribu. Naye akaamua kuijaribu Uholanzi majuma mawili. Hakuwa na pasipoti wala meli, kwa hiyo akahamia kibanda cha zamani cha mbuzi, nyuma ya migomba, upande wa pili wa mfongo. Mfongo ndio uliokuwa bahari, na juu yake palikuwa na gogo. Alivuka Jumatatu asubuhi, amevaa koti na kofia, sanduku mkononi. Sisi wanne tulijipanga tukampungia, na mdogo wetu wa kike akalia kweli.

Masharti yalikuwa kwamba tusimwite kwa sauti, maana Uholanzi haisikiki kutoka Machame. Habari ziende kwa barua. Basi mimi wa darasa la tano nikawa karani wa nyumba. "Baba mkubwa, shikamoo. Sisi hatujambo. Ng'ombe amepunguza maziwa. Je, huko mvua inanyesha?" Naye akajibu, kutoka hatua thelathini: "Huku imenyesha jana. Nadhani ni ileile. Leteni chumvi."

Mchana kutwa alikaa ameupa mlima mgongo, akijizoeza. Kiti alikigeuza kikatazama chini, upande wa tambarare ya Mabogini.

Siku ya sita ukingo wa mfongo ulibomoka huko juu na maji yakakatika. Pembe ikapigwa, ikatangazwa kwamba kesho kila kihamba kitoe mwanamume na jembe. Alasiri hiyohiyo binamu alifika na jembe jipya, akasema atalala kwetu, asubuhi atasimama badala ya kaka yake.

Hapo ndipo nilipoogopa. Kwetu, anayesimama siku ya mfongo kwa ajili ya kihamba ndiye anayeitwa zamu za maji zikigawiwa, na anayeitwa mwaka huu ataitwa na mwakani, mpaka watu wasahau kwamba aliwahi kuitwa mwingine. Mdogo wangu wa kiume alikuwa bado mtoto, na mimi msichana, ule mfongo sikuruhusiwa hata kuutia jembe.

Nikaenda mpakani mwa kihamba nikakata jani la isale. Ukimpelekea mtu jani hilo limefungwa fundo, ukamwomba, hawezi kukukatalia. Nikavuka gogo bila barua.

"Hodi."

"Pasipoti iko wapi?" akauliza bila kugeuka.

Nikamnyooshea isale.

"Huku Uholanzi hawalijui jani hili," akasema. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kulipokea. Akalitazama pale kiganjani.

"Likizo yangu bado siku nane."

"Binamu yako amekuja na jembe."

"Jembe gani?"

"Jipya. Bado lina karatasi."

Akalitia jani mfukoni mwa koti.

Kesho yake sisi wanawake tulikaa kando tukiwa na mitungi ya mbege, pombe ya ndizi ya wafanyakazi. Mzee wa mfongo alivitaja vihamba kimoja kimoja, bila kusoma popote. Alipokitaja chetu, binamu akasogea mbele. Kabla hajafungua kinywa, migomba ikatikisika, baba mkubwa akatokea na koti, kofia, na jembe lake lililolika. Akasema kwa Kiswahili kitupu, cha taratibu, kama mgeni wa serikali:

"Mwenye kihamba yuko Uholanzi. Mimi nimetumwa naye."

Watu wakamtazama mzee wa mfongo. Yeye na baba mkubwa walitahiriwa siku moja. Akamkagua kutoka kofia mpaka viatu.

"Hajambo huko?"

"Hajambo. Anawasalimu."

"Basi aliyetumwa na mwenyewe ni sawa na mwenyewe. Shuka mtaroni, mgeni."

"Mzee, acheni mchezo!" binamu akafoka. "Huyu si ndiye mwenyewe?"

"Kama ndiye mwenyewe," mzee akasema, "wewe umekuja kwa kihamba gani?"

Binamu alibeba jembe lake na karatasi yake akateremka Kwa Sadala.

Mgeni alichimba kimya mpaka mchana. Kisha kijana mmoja akapanga mawe ya ukingo vibaya, na mgeni akamporomoshea matusi ya Kichagga ambayo hakuna Mholanzi angeyajua. Watu walicheka hadi majembe yakawaanguka. Naye akavua kofia, akajifuta uso, akageuka kuutazama mlima. Wingu lilikuwa limeondoka. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayekagua kama kuna kitu kimeibwa.

Jioni alivuka gogo na sanduku lake, akaingia kwa ng'ombe moja kwa moja, akamlaumu kwa kupunguza maziwa. Siku zilizobaki hakuzimalizia. Miaka mingi baadaye, tukimkasirisha, alisema Uholanzi bado inamngoja, nami nikamjibu aende tu, nitaandika.

Siku ya mfongo sasa anayeitwa ni mdogo wangu wa kiume.